Mtindi Mzito, Madini Mazito

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Mama Mkwe katangaza wakati wa chai. Magoti yamegoma, kuinamia ndoo za maziwa tangu alfajiri sasa basi. Mwisho wa mwezi anakabidhi ufunguo wa chumba cha maziwa. Ufunguo wenyewe ni ule anaouvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Hata marehemu mume wake alikuwa akipiga hodi.

Wagombea ni wawili. Kuna mimi, mkwe wake, mwenye mawazo. Na kuna Shemeji, mdogo wa mke wangu, mwenye ndoo. Yeye anagandisha maziwa, anakoroga, anauza, kwisha. Mimi nachuja. Natia mtindi kwenye kitambaa, naning'iniza, maji yanadondoka, kinachobaki ndiyo mali. Mtindi wa Shemeji unanywewa kwa kikombe. Wangu unaliwa kwa kijiko, na kijiko kikitaka kupumzika kinasimama chenyewe.

Nikamuuliza Mama Mkwe ataamua kwa kigezo gani. Akasema ufunguo utakwenda kwa yule ambaye mtindi wake unaliwa. Basi. Hakusema unaosifiwa wala unaotangazwa. Unaoliwa. Nikamwambia, mama, hapo umeshaamua.

Mke wangu kanivuta pembeni. Kaniomba safari hii nisilete mambo yangu. Nikauliza mambo gani. Akaanza kuyahesabu kwa vidole. Alipomaliza mkono wa kwanza nikakumbuka nina kazi nje.

Nimeonja mtindi wa Shemeji, kikombe kimoja. Kwa uchunguzi tu. Mshindani lazima umjue. Cha pili nilikunywa kuhakikisha.

Nimeanza shajara hii ili watakaokuja baadaye wajue nilivyoupata ufunguo. Naandika kwa kalamu ya risasi kwa kuwa ya wino kaificha mke wangu, anasema nikiwa na wino naandika matangazo. Ncha kavu hii! Kila mstari lazima niilambe.

Jumanne, 4 Machi

Tatizo langu ni muda. Mtindi wangu unadondoka kwa madaha. Tone. Unangoja. Tone. Shemeji ameshauza, ameshaosha ndoo, amekaa barazani anajipepea, mimi bado natazama kitambaa. Nikawaza. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu za nje zimepungua kwa sababu nyingi zimo ndani. Jibu likaja: uzito! Kandamiza, maji yatoke mbio.

Nilianza na mawe ya uani. Mama Mkwe akatoka akauliza, sasa mabati ya banda la kuni yanashikiliwa na nini? Upepo ukajibu kabla yangu. Mawe nimerudisha. Bati moja nimelifuata kwa jirani.

Mchana nikaenda kwa fundi betri. Ana rundo la betri chakavu za magari, anazipasua na kuyeyusha vya ndani. Nikamwambia nataka vitu bapa, vizito, vinavyoingia kwenye sufuria. Akanimiminia kwenye vifuniko vya makopo. Mabamba mazuri hayo! Upana wa kisosi tu, lakini ukibeba mawili bega linashuka. Ya kijivu, laini, ukiyakwaruza kwa ukucha yanang'aa. Nikauliza ni madini gani haya. Fundi akasema ni risasi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ana utani yule! Risasi naijua, ina ncha, na kwao ni kwenye bunduki.

Akaniuliza nayataka ya nini. Nikamwambia siri ya biashara. Akainua mabega akarudi kwenye moto wake.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshinda! Mwanzoni mabamba yaliteleza juu ya kitambaa, yakaanguka, moja likanitua kwenye dole gumba. Nikayapeleka ndani kabisa, katikati ya mtindi wenyewe. Hapo yakatulia. Maji yakatoka kama bomba limepasuka. Hata mchana haujafika vizuri, mtindi uko tayari. Nimeukata kwa kisu! Na juu yake umebaki mviringo wa bamba, safi, kama muhuri wa ofisi.

Nikawagawia wa nyumbani, bakuli kwa bakuli. Mama Mkwe akasema atakula baadaye, kwa utulivu. Mke wangu naye, kwa utulivu. Kumbe utulivu una kazi! Jioni bakuli zote zimerudi tupu, kavu, kana kwamba zimefutwa. Nikamuuliza Mama Mkwe umeuonaje. Akafikiri kidogo. Akasema umeshika.

Umeshika! Kutoka kinywani mwa mwanamke yule, neno hilo ni nishani.

Shemeji leo kauza ndoo zote. Nilipopita akanitupia kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sikumjibu. Nilikuwa na mdomo umejaa, nilikuwa katika uchunguzi wa kikombe chake cha tatu.

Alhamisi, 6 Machi

Bahati imepiga hodi yenyewe, na viatu safi!

Kaja dada mmoja kutoka chuoni. Mtafiti. Anapima madini yaliyomo kwenye mtindi wa kuchuja, hata yawe chembe tu, kisha anahesabu mtu anakula kiasi gani kwa siku, kwa kila kilo ya mwili wake. Shemeji akajitokeza na ndoo, tabasamu hadi masikioni. Mtafiti akamshukuru na kumwambia ule wa kawaida hauhitaji. Anataka wa kuchuja tu, kwa sababu maji yakitoka, vilivyobaki vinakusanyika pamoja. Mtaa mzima anayechuja ni mimi peke yangu! Nikamtazama Shemeji kwa huruma. Huruma kidogo.

Tukakaa sebuleni. Akauliza, akawa anabonyeza majibu kwenye simu yake. Nikaelewa mara moja: huu ni uchunguzi wa kujua mtindi wa nani unaliwa. Swali lile lile la Mama Mkwe, ila sasa kutoka chuoni!

Akauliza mama wa nyumba anakula bakuli ngapi kwa siku. Nikasema nne. Uso wake ukabadilika. Nikadhani nimepunguza, nikasema siku za baridi tano. Mke wangu? Tatu, na hulamba kijiko. Mimi? Nikavuta pumzi. Sita. Akaacha kubonyeza, akanitazama tumbo. Nikalitoa nje kidogo.

Halafu uzito wa kila mtu. Hapo pana adabu zake. Mwanamume hamtangazi mkewe kwa wageni kama gunia la mahindi. Nikasema mke wangu ana kilo arobaini na nane, na nilisema kwa mapenzi. Mama Mkwe nikamtaja arobaini na mbili. Heshima haina mzani.

Akauliza nakandamiza kwa kitu gani. Nikasema utaalamu. Akauliza tena, kwa upole. Nikasema utaalamu wa siku nyingi, tangu juzi. Akachukua kikopo cha mtindi wangu, akakifunga, akaandika juu yake, akaondoka. Nilimsindikiza hadi barabarani ili majirani waone.

Jumapili, 9 Machi

Kwa upande wa mauzo, bado natayarisha soko. Kinyozi alichukua kipande, akakirudisha. Alisema kisu chake si cha kazi hiyo. Mwanzo ni mgumu, na mtindi pia.

Nyumbani hali ni nzuri ajabu. Bakuli zinakwenda zimejaa, zinarudi tupu. Mama Mkwe jana kaomba nyongeza! Kaja mwenyewe mpaka jikoni na bakuli mkononi. Nilitaka kumkumbatia, lakini mkwe hakumbatiwi ovyo.

Jambo jingine jema. Lile tundu la panya nyuma ya jiko, lililotutesa tangu mvua zilizopita, limezibwa. Kazi nyeupe, imesawazishwa, haina hata ufa. Sijui wamemleta fundi gani. Mambo ya ujenzi nyumba hii hawanishirikishi.

Uchunguzi wa Shemeji unaendelea kila asubuhi. Nimegundua ukiupoza kidogo ni mtamu zaidi. Taarifa muhimu kwa vita.

Ijumaa, 14 Machi

Haki ya nani!

Mtafiti kapiga simu. Sauti ilikuwa inakatika, kwa hiyo naandika nilivyosikia. Mtindi wangu una madini mazito. Mazito! Kiwango chake ni kikubwa kuliko wowote ambao wamewahi kupima pale. Akarudia: wowote. Akasema nisimpe wala nisimuuzie mtu yeyote hata kijiko mpaka wafike Jumatatu, yeye na muuguzi. Nikaelewa. Wanataka kuuchukua wote wao. Na muuguzi ni kwa ajili ya hospitali, wagonjwa wanahitaji madini. Akauliza kama nimemwelewa vizuri. Nikamwambia dada, hakuna aliyewahi kukuelewa kama mimi.

Nimekaa nikawaza. Madini kila mtu anayasifu. Daktari anasema kula madini. Kwenye maboksi ya vyakula vya watoto wameandika madini. Lakini hayo ni madini mepesi, ya kawaida, ya Shemeji. Yangu ni mazito! Mtindi mzito, madini mazito. Mungu akiamua kukupa hata maneno anakupangia.

Nikautafuta wino. Ulikuwa ndani ya kopo la chumvi, mke wangu hana ubunifu. Nikachukua ubao wa kitanda cha zamani nikaandika kwa herufi kubwa:

MTINDI MZITO, MADINI MAZITO! WA KWANZA KATIKA UTAFITI!

Nimeutundika getini. Shemeji kasimama akausoma mara mbili. Kaniuliza kama nina uhakika hicho ni kitu cha kujisifia. Wivu ni ugonjwa, jamani. Mama Mkwe naye kausoma, akashika ufunguo wake shingoni. Nimeiona ile ishara. Anauaga.

Jumatatu, 17 Machi

Sijui nianzie wapi.

Wamefika asubuhi. Mtafiti kaona ubao getini, kaushusha yeye mwenyewe, kauegemeza ukutani maandishi yakiangalia ukuta. Kitendo cha kwanza hicho. Nikasema labda anaogopa jua litaufuta.

Tukakaa wote sebuleni: mimi, mke wangu, Mama Mkwe, Shemeji aliyejialika. Mtafiti akasema, kwa sauti ya msibani, kwamba mtindi wangu una risasi.

Ala! Nikainuka. Nikaenda chumba cha maziwa, nikakagua ndoo zote, kitambaa, sufuria. Hakuna tundu hata moja. Nikarudi nikamwambia dada, sisi ni watu wa amani, nani atapigana na maziwa? Kisha nikamtazama Shemeji. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikamuuliza hadharani juzi mchana alikuwa wapi.

Mke wangu akafumba macho kwanza. Kisha akachomoa kalamu yangu sikioni, akaniuliza hii inaitwaje. Nikasema kalamu ya risasi. Akauliza, imewahi kukupiga? Nikasema hapana. Akauliza, basi inawezekana risasi ni kitu kingine zaidi ya kile cha bunduki? Nikamkumbuka fundi betri. Nikakumbuka nilivyocheka nikishika ukuta.

Mtafiti akaeleza taratibu. Risasi ni madini, laini, mazito, ya kijivu. Madini mengine mwili unayataka, haya hauyataki hata chembe. Mtindi ni mchachu, na uchachu huyala polepole yakaingia ndani. Mtu akila kila siku yanajikusanya mwilini, na hayana haraka ya kutoka. Akauliza tena nakandamiza kwa kitu gani. Sikusema utaalamu. Nikayaleta mabamba matatu, nikayaweka mezani. Muuguzi akavaa glavu kabla ya kuyagusa!

Nikauliza kuhusu kalamu, maana nimeilamba tangu tarehe tatu. Akasema ndani ya kalamu hizi hamna risasi, ni jina tu. Jina tu! Sasa lugha inanitafutia nini mimi? Chenye risasi nadhani utani, kisicho nayo kinaitwa hivyo hivyo.

Kisha hesabu. Akasoma majibu yangu kwa sauti. Bakuli nne, siku za baridi tano, kwa mwili wa kilo arobaini na mbili. Mama Mkwe akauliza ni nani huyo wa arobaini na mbili. Mtafiti akasema kwa kiasi hicho, mama huyu asingepaswa kuwa amekaa hapa akituangalia hivi. Na mke wangu, bakuli tatu, kilo arobaini na nane. Na mimi sita. Lazima wote tupimwe damu, leo leo.

Tukapimwa. Sindano kwa sindano. Majibu Ijumaa.

Nilitaka kusema palepale kwamba zile bakuli nilizipamba. Lakini je, nilizipamba? Mkono wangu mwenyewe ulizijaza, na zilirudi tupu. Mama Mkwe aliomba nyongeza! Huenda sikudanganya chochote. Huenda walikula kweli, kwa kuniridhisha mimi. Wazo hilo lilinikalisha chini.

Naandika jambo kama lilivyo: naogopa. Ufunguo leo sijauwaza hata mara moja.

Jumatano, 19 Machi

Nimerudisha mabamba kwa fundi betri. Akasema si nilikwambia ni risasi. Nikamwambia ulisema kama mtu anayetania. Akasema huo ndio uso wake. Alipojua niliyaweka kwenye chakula alikaa chini, akaniuliza afya za wa nyumbani mmoja mmoja. Fundi mwema. Sufuria nayo na kitambaa vimeondoka na mtafiti, na mtindi wote uliobaki. Hataki hata umwagwe bustanini.

Nyumbani nimekuwa mtu mwingine. Nimefagia, nimepika, nimechota maji. Mke wangu akikohoa nasimama. Leo kashika kichwa kidogo, nikamletea maji, mto, na kiti, akaniambia alikuwa anajikuna tu. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia kama kuna kitu kimempata sitajisamehe, kwamba nilitaka ufunguo mpaka nikasahau unafungua mlango wa chakula cha watu wangu. Nikamwambia pia kwamba nilidanganya uzito wake. Akasema hilo ndilo jambo jema pekee nililofanya mwezi huu.

Kisha akanitazama kama anayetaka kuniambia kitu. Akasema tungoje Ijumaa.

Nimeapa. Majibu yakiwa mema sitabuni tena kitu. Nitafuata njia za watu wote. Ndoo, maziwa, kukoroga, kwisha. Shajara hii ni shahidi.

Leo sikuonja mtindi wa Shemeji. Hapana, niliuonja, lakini bila furaha.

Ijumaa, 21 Machi

Safi! Wote! Damu safi!

Mtafiti kaja na muuguzi na majibu. Mama Mkwe hana kitu cha kutisha. Mke wangu hana. Mimi sina. Nililia, na sioni haya. Nikamshika mke wangu mikono yote miwili mbele ya mama yake. Nikasema damu ni nzito kuliko maji, na yetu haina madini mazito.

Lakini mtafiti hakucheka. Alikuwa amekunja uso. Akasema hesabu zinakataa. Mtindi ule anaujua, ameupima mara tatu. Watu waliokula bakuli nne, tatu na sita kila siku hawawezi kuwa na damu hii. Kwa hiyo anauliza upya, kwa upole, na hakuna atakayelaumiwa: nani amekula, na kiasi gani?

Mama Mkwe akawa anatazama ukuta wa jiko. Nikatazama anakotazama. Nyuma ya jiko. Pale palipozibwa, peupe, pasipo ufa.

Akasema alijaribu kijiko siku ya kwanza, meno ya bandia yakabaki humo. Baada ya hapo aliona ni dhambi kumwaga kitu kinachoshika namna ile. Bakuli la kwanza liliziba tundu la panya. Yaliyofuata yalikwenda kwenye ufa wa dirisha la chooni. Ile nyongeza ilikuwa ya mguu wa meza. Mtafiti akaacha kubonyeza simu, akaenda kuangalia ukuta. Ameagiza vyote vibanduliwe kwa glavu.

Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa ameficha uso. Akasema amekuwa akiufukia nyuma ya tangi la maji kila jioni. Alitaka kuniambia tangu mwanzo, lakini kila akinitazama nilikuwa na furaha sana, kisha nikawa na huzuni sana, na zote mbili zilimzuia.

Sawa. Nikakaza shingo. Nikasema angalau mimi nimekula wangu, na damu yangu...

Hapo Shemeji akakohoa. Akamwambia mtafiti kwamba huyu shemeji yake, mwezi mzima, kila asubuhi, vikombe vitatu vya mtindi wake yeye, na huondoka na masharubu meupe akidhani hakuna anayeona. Nikasema ulikuwa uchunguzi. Mama Mkwe akauliza, sasa wewe wako uliula lini? Nikatafuta kumbukumbu. Nikatafuta tena. Nilikuwa na kazi nyingi.

Kumbe nyumba nzima tunakula wa Shemeji! Mama Mkwe anakula wa Shemeji, mke wangu anakula wa Shemeji, mimi nakula wa Shemeji. Hata muuguzi alikuwa ameshika kikombe wakati huo, sijui alipewa saa ngapi.

Mama Mkwe akavua kamba shingoni. Akasema alisema tangu mwanzo, ni yule ambaye mtindi wake unaliwa, ila hakujua kwamba watapima mpaka damu ili kumjua. Akamvisha Shemeji ufunguo. Shemeji akalia kidogo, nikagundua naye aliutaka. Siku zote nilidhani ananitaka nishindwe tu.

Kisha Mama Mkwe akanigeukia. Nikangoja radi. Akaniambia mkwe wangu, umetunusuru kwa upishi mbaya, ungekuwa fundi kidogo tu tungekwisha. Wakacheka wote, mtafiti akiwemo. Mke wangu alicheka mpaka akaniegemea, na aliendelea kuniegemea hata baada ya kicheko kwisha. Mimi kazi yangu kuanzia kesho ni kuosha ndoo.

Jumamosi, 22 Machi

Nimejifunza. Nimeosha ndoo zote bila kunung'unika, na kuosha ndoo kunampa mtu nafasi ya kufikiri.

Nimefikiri hivi. Majibu niliyompa mtafiti yalisema bakuli nne, tatu na sita. Majibu ya hospitali yanasema damu safi. Ukiyasoma yote mawili pamoja, bila kuingiza habari za ukuta na tangi ambazo ni za ndani ya familia, yanasema nini? Yanasema mtindi wa kuchuja unalinda damu! Nimelichungulia wazo hilo kila upande na halina tundu. Panya pia hawajarudi tangu tarehe tisa. Ulinzi mtupu.

Ubao bado upo, umeegemea ukuta. Upande wa pili haujaandikwa kitu. Wino niliukuta ndani ya unga.

Kosa langu halikuwa kukandamiza. Kosa lilikuwa bamba. Mchana nimepita kwa fundi betri. Hakutaka hata kunifungulia, tumezungumza kupitia dirishani. Nikamwapia sitaki risasi tena, namna zote mbili. Jirani yake anauza vyuma chakavu, ana mabamba ya shaba ya zamani. Nimemuuliza mara tatu, yana risasi? Akasema hata chembe, ni shaba tupu. Mazito vizuri. Na yana kijani kijani pembeni, kama mboga. Naona kijani ni dalili ya afya.

Shemeji hajui bado. Mke wangu hajui. Kitambaa kipya nimekitoa kwenye pazia la upande usioonekana.

Mama Mkwe ndiye aliyenisikia nikijaribu mabamba uani. Nilikaa tayari kwa makelele. Hakuyapiga! Alisimama, mikono kiunoni, akiutazama ule ufa mrefu wa ukuta wa bafuni. Kisha akaniuliza, kwa sauti laini kabisa, nikianza tena, kama naweza kumpa yeye bakuli kumi.

Kumi! Na kuna watu wanasema mtindi wangu hautakiwi.